Uzi: Kati ya joho la chuo na joho la uwakili, kijana wa sheria anaishi kwa kitu gani?

Kesi ya Msingi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila dirisha la udahili likifunguliwa simu yangu haipumziki. Wazazi, wajomba, walimu wa sekondari: "Kijana wetu katoka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na ufaulu mzuri, anataka sheria, hivi ajira zipo?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo naandika yote hapa, na kuna jambo moja nataka tulijadili kwa uzito, maana nimelitazama kwa muda mrefu nikiwa wakili hapa Mwanza na linaniuma.

Kwanza njia yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani ukishika LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, umeshakuwa wakili. Bado. LLB ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Baada ya hapo kuna Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Ipo Dar es Salaam, Barabara ya Sam Nujoma. Kijana wa Tunduru, wa Kibondo, wa Ngara, wote wanaelekea huko. Unasoma darasani, unaenda mafunzo kwa vitendo mahakamani na kwenye ofisi za uwakili, unafanya mitihani. Ukifaulu unaomba kusajiliwa, Baraza la Elimu ya Sheria linapitia sifa zako, kisha unasubiri siku ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Ndiyo unavaa joho, jina linaingia kwenye daftari la mawakili, unalipia leseni na michango ya TLS, chama chetu cha mawakili. Leseni yenyewe inaisha kila tarehe 31 Desemba, kwa hiyo hata kama mwaka mzima hukupata mteja, Januari unadaiwa.

Sasa pigeni hesabu. Kijana aliyenyooka, hana sapu (mtihani wa kurudia) hata moja, kuanzia anavua joho la chuo hadi anavaa la uwakili inaweza kumchukua mwaka na nusu hadi miwili. Mwenye sapu, ongeza. Na akishaapishwa, mwaka wa kwanza na wa pili wa kazi bado hana wateja wake mwenyewe. Muda wote huo anapanga chumba, anapanda daladala, anavaa suti, anatoa nakala, na hakuna anayemlipa.

Hoja yangu ni hii. Tunasema soko limejaa wanasheria, na ni kweli daftari la mawakili limeshapita majina 10,000. Lakini ninavyoona mimi, mchujo mkubwa unafanyika kabla mtu hajafika sokoni. Unafanyika kwenye hiyo miaka ya katikati isiyo na kipato. Anayevuka ni yule mwenye shangazi Sinza wa kumpa kitanda na sahani ya wali. Mwenye akili zaidi yake, ambaye baba yake analima pamba Maswa, anarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha. Nimewaona kwa macho yangu, vijana wanaoandika hati ya madai vizuri kuliko mawakili wenye majina.

Na sisi wenye ofisi tunachangia. Tunachukua vijana, wanafanya kazi za mteja anayelipa, halafu tunawaambia wanajifunza. Mimi nasema walipwe posho, na nataka tuzungumze hili bila kulindana.

---

Binti Kilosa

Kaka Kesi ya Msingi, umenigusa. Ngoja nitoe ushuhuda wangu, jina la ofisi siliweki.

Nilimaliza Law School, nikawa nasubiri matokeo ya sapu. Nikaingia kujitolea kwenye ofisi moja ya uwakili katikati ya jiji la Dar. Naamka saa kumi usiku, maana nakaa Chanika. Saa mbili na nusu niko kwenye korido ya mahakama na faili, namsubiri wakili ambaye wakati mwingine hafiki, naomba wakili mwingine atushikie brifu, yaani asimame kwa niaba yake, ili shauri lisifutwe.

Siku moja tulikuwa na maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Mteja ni mfanyabiashara, nyumba yake iko hatarini kupigwa mnada. Wakili alishaandaa kiapo, karani alishaanza kukipakia kwenye mfumo wa kusajili mashauri. Nikaomba nikisome mara ya mwisho. Pale chini, kwenye sehemu ya uthibitisho ambapo kamishna wa viapo anasaini, kuna muhuri na saini lakini hakuna mahali kilipoapiwa wala tarehe. Kwa wasio wanasheria: sheria inataka vyote viwili vionekane, na maombi mengi yametupwa nje kwa kasoro ya aina hiyo. Nikamfuata wakili mkono kwa mkono, kikarekebishwa, kikaapwa upya, kikasajiliwa jioni ile ile. Tungechelewa, upande wa pili ungeweka pingamizi na yule baba angeanza upya huku muda unamkimbia.

Mteja alilipa. Najua alilipa kwa sababu risiti niliandika mimi. Jioni ile nauli ya kurudi Chanika niliazima kwa mlinzi.

Sikuwa nadai mshahara wa wakili. Nilitaka nauli na chakula cha mchana tu. Nilipoomba niliambiwa wenzangu wapo mlangoni wanasubiri nafasi yangu. Na walikuwepo kweli, hilo ndilo linalouma.

Mungu ni mwema, nimeshaapishwa, nafanya kazi Morogoro. Lakini wenzangu watatu niliokaa nao chumba kimoja Sinza wakati wa Law School hawako tena kwenye sheria. Mmoja ana duka la vipodozi, mmoja anafundisha shule ya binafsi, mmoja sijui aliko.

---

Mzee wa Baraza

Nimewasoma. Niseme kama mtu wa zamani kidogo kwenye fani hii.

Historia inasaidia. Kitivo cha Sheria ndicho kilichoanza chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam, tunachokiita Mlimani, Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiozidi darasa moja dogo. Nchi ilikuwa inahitaji mahakimu, waandishi wa sheria, wanasheria wa wizara. Mhitimu alikuwa anasubiriwa. Baadaye mashirika ya umma yakaongezeka na yote yalihitaji wanasheria, hadi likawepo shirika zima la sheria la kuyahudumia. Kwa hiyo kizazi changu hakikuuliza "nitapata wapi kazi". Tuliuliza "watanipeleka wapi".

Leo sheria inafundishwa Mlimani, Mzumbe, Dodoma, Iringa, Mwanza, Makumira, Chuo Kikuu Huria na kwingineko. Mashirika yale mengi yalibinafsishwa au kufa. Serikali bado inaajiri, ila nafasi zinatangazwa chache na waombaji ni maelfu. Hiyo ndiyo hali, hata ukiwalipa vijana nauli haibadiliki.

Na kuhusu posho, mwanangu Kesi ya Msingi, ofisi nyingi unazozilaumu ni za mtu mmoja na karani. Kodi ya pango, leseni, umeme, kodi ya mapato. Mteja wa mirathi anakulipa nusu, nusu nyingine anasema baada ya nyumba kuuzwa, na nyumba haiuzwi. Unamlipa kijana kwa fedha ipi?

---

Kesi ya Msingi

Mzee wangu, shikamoo, na nakuheshimu. Ofisi ya mtu mmoja naielewa, nilianza hivyo hivyo. Lakini ukiangalia simulizi ya Binti Kilosa, ile si ofisi ya mtu mmoja. Ina karani, ina mteja wa mnada wa nyumba, ina vijana wanaopanga foleni. Ofisi za namna hiyo zina uwezo. Zinachokosa ni mtu wa kuziuliza.

Halafu kuna jambo la kitaalamu. Baadhi ya mawakili husema "nitampa asilimia ya kazi atakayoleta". Msifanye hivyo. Maadili yetu yanakataza kugawana ada na mtu ambaye si wakili, na kijana ataingizwa kwenye matatizo kabla hajaapishwa. Ndiyo maana nasema posho: kiasi kinachojulikana, kila mwezi, hata kiwe kidogo, kiwe kimeandikwa.

---

Aliyekatwa 2022

Wakuu, mimi ni mmoja wa wale wa Oktoba 2022. Mnakumbuka matokeo ya Law School yaliyozua gumzo nchi nzima: wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu 342, waliokatwa, yaani walioondolewa masomoni, 265. Nipo kwenye hao 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, mjadala ukawa mkubwa, wengine wakalaumu vyuo, wengine wakalaumu Law School, wengine wakatulaumu sisi kuwa Kiingereza hatujui.

Sitaki kurudia mjadala ule. Nataka niseme kilichofuata, maana magazeti yaliondoka na sisi tukabaki.

Mwezi mzima sikutoka ndani. Mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani kuwa mwanawe anakuwa wakili. Baadaye dada mmoja wa chama cha wafanyakazi akaniuliza kama ninaijua sheria ya ajira na mahusiano kazini. Naijua, ndiyo somo nililolipenda chuoni. Akaniambia twende CMA.

Kwa wasiojua, CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inashughulikia migogoro ya kazi. Sheria inaruhusu mtu kuwakilishwa pale na wakili, na kiongozi au mwanachama wa chama chake, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Yaani si lazima uwe na joho. Nikaanza kuwasaidia wafanyakazi wa viwandani, walinzi, wahudumu wa hoteli.

Kazi yenyewe ni ya umakini mno. Mlinzi kafukuzwa, anakuja ofisini kwako siku ya 28 akiwa na barua iliyokunjwa mara nne mfukoni. Ana siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi, migogoro mingine ni siku 60. Kwa hiyo siku hiyo hiyo mnajaza fomu namba moja, mnampelekea mwajiri nakala, mnahakikisha kuna uthibitisho kwamba ameipokea. Mkikosea tarehe ambayo mgogoro ulianza, mnajikuta mnaomba kwanza kuongezewa muda kabla hata hamjasikilizwa. Kisha usuluhishi, na hapo ndipo kesi nyingi zinaishia: mwajiri anakubali kulipa mshahara wa notisi, likizo iliyokuwa haijalipwa, cheti cha utumishi. Yule mlinzi aliondoka na fedha yake na cheti, akapata lindo lingine.

Leo ni afisa wa mahusiano kazini kwenye kampuni moja. Mshahara unanitosha, nimeoa. Sijawa wakili na huenda nisiwe. Nawaambia wenzangu waliokatwa: LLB yenu haikufutwa.

---

Mama Wawili Kibaha

Aliyekatwa 2022, nimelia. Mdogo wangu yuko kwenye kundi hilo na mpaka leo hataki kutajiwa neno sheria. Naomba nimwonyeshe ulichoandika.

---

Wakili wa Buzwagi Road

Naunga mkono kuhusu CMA, ila natoa tahadhari kwa vijana wenye LLB bila uwakili. Mpaka wa kazi upo na ni mkali. Kuwakilisha mtu CMA ni halali. Kushauri kampuni iliyokuajiri ni halali. Lakini ukianza kuandikia watu hati za madai, mikataba ya kuuza viwanja na viapo kwa malipo, au ukasimama Mahakama ya Wilaya kama wakili, hiyo ni jinai chini ya Sheria ya Mawakili. Huku Kahama vishoka, yaani mawakili bandia, wamejaa nje ya mahakama na mabaraza ya ardhi, na wengine ni wahitimu kabisa wa sheria waliokata tamaa. Mwananchi anauziwa mkataba wa kiwanja wenye muhuri wa kughushi, miaka mitatu baadaye anakuja kwangu analia na mkataba haumsaidii kitu.

Halafu nijibu la Mzee wa Baraza kuhusu soko kujaa. Limejaa wapi? Dar limejaa. Sasa hivi ukiteremka mahakama ya Kisutu asubuhi unaweza kudhani ni mkutano mkuu wa TLS. Njoo huku. Kuna migodi mikubwa, kuna wachimbaji wadogo wenye mikataba ya ubia iliyoandikwa kwenye daftari la shule, kuna wanunuzi wa dhahabu, wa pamba, wa mpunga, kuna ardhi inayouzwa kila siku bila hati. Kuna mirathi ya ng'ombe mia mbili na wake watatu. Mwananchi anasafiri kutafuta wakili.

Tena kuna mlango uliofunguliwa 2021 ambao vijana wengi hawajauchangamkia. Zamani mawakili hatukuruhusiwa kabisa Mahakama ya Mwanzo. Tangu marekebisho ya mwaka ule, pale ambapo mahakama inasimamiwa na hakimu mkazi, wakili anaweza kusimama. Mahakama ya Mwanzo ndiko mirathi nyingi za watu wa kawaida ziliko, ndiko talaka, ndiko madai madogo ya biashara. Na lugha yake ni Kiswahili tangu zamani, na tangu 2021 hiyo hiyo Kiswahili imetamkwa kuwa lugha ya sheria na mahakama zote. Kijana anayeweza kuandika hoja safi kwa Kiswahili ana kazi huku. Wengi wenu mmezoea kunukuu Kilatini, mteja mbele yenu anataka kujua kama shamba la baba yake litarudi.

---

Pwani254

Salaam kutoka Mombasa. Nimefuata uzi huu nikiona ni kama mnaandika habari zetu.

Huku kwetu ukimaliza LLB unaenda Kenya School of Law, Karen, Nairobi. Karo ya ile programu ya uwakili ni shilingi 190,000 za Kenya, bila kodi ya nyumba wala chakula cha Nairobi. Halafu mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, karatasi tisa, na idadi ya wanaorudia ni kubwa kila mwaka mpaka Bungeni imefika. Kisha miezi sita ya kukaa chini ya wakili mzoefu. Kuna ofisi zinazolipa vizuri, nyingi za Nairobi, na kuna ofisi ambapo pupili, yaani huyo anayejifunza chini ya wakili, analetewa chai tu.

Kitu kimoja nimekiona hapa Pwani: wanawake ndio wanaoacha zaidi katika kipindi hicho. Msichana akiwa na mtoto, au wazazi wakisema "umeshasoma vya kutosha", miezi sita bila malipo inamaliza safari. Kwenye sherehe ya kufuzu LLB wanajaa. Ukija kutafuta wenye ofisi zao wenyewe, unawahesabu.

---

HR Mikocheni

Naomba niongee kutoka upande wa anayeajiri.

Tukitangaza nafasi ya afisa sheria tunapata maombi mamia. Ukiyafungua, yanafanana. "Ninajua sheria ya mikataba, sheria ya makosa ya jinai, sheria ya katiba." Sawa, kila aliyesoma LLB anajua. Ninachotafuta ni mtu ambaye nikimpa mkataba wa upangaji wa kurasa 30 ataniletea nusu ukurasa: haya matatu ni hatari kwetu, hili tulikatae, haya mawili tunaweza kuishi nayo. Wengi wananiletea insha yenye kesi za Uingereza.

Eneo ambalo naona linakua haraka ni ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria ilipitishwa 2022, Tume ipo na inafanya kazi, taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili na kuwa na afisa wa kusimamia jambo hilo. Hospitali, shule, benki, kampuni za mikopo ya mtandaoni, wote. Waajiri wengi bado wanahangaika kujua waanzie wapi. Kijana mwenye LLB akiisoma sheria ile na kanuni zake kwa dhati, akaja kwangu na rasimu ya sera ya faragha kwa Kiswahili ambacho mteja wa kawaida anakielewa, simuulizi kama ameapishwa.

Ukatibu wa kampuni nao upo. Wanasheria wanauacha kwa wahasibu sijui kwa nini.

---

Mwaka wa Tatu Mlimani

Kaka zangu na dada zangu, asanteni. Niko mwaka wa tatu. Naomba mnishauri: nikimaliza niende Law School moja kwa moja, au nitafute kazi kwanza nijipange? Nyumbani uwezo ni mdogo, nasoma kwa mkopo. Na ndoto yangu ni uhakimu.

---

Kesi ya Msingi

Mdogo wangu, kwa kuwa umetaja uhakimu, jibu langu ni Law School, na usichelewe. Hakimu mkazi, wakili wa serikali, afisa sheria wa halmashauri au wizara: ukisoma matangazo ya Tume ya Utumishi wa Mahakama na ya Sekretarieti ya Ajira utaona karibu yote yanataka LLB pamoja na Law School. LLB pekee inakuacha nje ya mlango huo. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na ya Wakili Mkuu wa Serikali zilianzishwa 2018, zote zinahitaji watu hao hao.

Kuhusu fedha: Bodi ya Mikopo sasa ina mwongozo kwa waombaji wa Law School. Usome mapema, ukiwa bado una nyaraka zote mkononi. Vijana wanakosa mkopo kwa cheti cha kifo cha mzazi ambacho hakijahakikiwa, na kukihakiki kunachukua siku.

Na kabla hujafika huko, bado una muda. Likizo hii usikae nyumbani. Nenda mahakama iliyo karibu na kwenu, kaa kwenye benchi la nyuma, sikiliza. Angalia wakili anavyomhoji shahidi, angalia hakimu anavyoandika. Waliosumbuka Law School niliokutana nao, wengi walikuwa na A za chuo lakini hawajawahi kushika hati halisi ya madai. Kule hawakuulizi historia ya mkataba, wanakupa habari za mteja na kukuambia andika.

Kama ingekuwa unataka kazi za kampuni, ushauri wangu ungekuwa tofauti: tafuta kazi kwanza, Law School utaenda ukiwa na akiba. Kwa uhakimu, hapana.

---

Mzee wa Baraza

Kijana, Kesi ya Msingi amekushauri vyema. Niongeze: uhakimu unapangiwa kituo, na kituo chaweza kuwa mbali kabisa na Mlimani. Kama hauko tayari kwa Liwale au Kakonko, usiandike jina lako. Nchi inahitaji mahakimu huko kuliko inavyowahitaji Kinondoni.

Na Kesi ya Msingi, nimefikiri ulichojibu. Mimi nimepokea vijana wengi ofisini na sikuwahi kuwalipa, kwa kuwa nami sikulipwa na mtu binafsi. Nililipwa na serikali nikiwa mafunzoni. Tofauti hiyo ni kubwa, na nakubali kwamba ina uzito kwenye hoja yako. Bado nasema ofisi ndogo haziwezi zenyewe. TLS iweke kiwango cha chini, na ofisi isiyoweza isipangiwe kijana. Nje ya hapo kila mmoja atangoja mwenzake aanze.

---

Kesi ya Msingi

Mzee, hapo tumekutana. Kiwango cha chini kinachojulikana, na orodha ya ofisi zinazokifuata, iwekwe wazi ili Law School ipangie vijana huko kwanza. Hoja hii nitaipeleka kwenye mkutano wa kanda yetu, na ningeomba wewe uipeleke kwenu. Ikitoka kwa wazee haitaitwa malalamiko ya vijana.

---

Binti Kilosa

Wakati tunasubiri kiwango, niwaachie wadogo zangu mambo ya kuuliza kabla hujakubali kujitolea kwenye ofisi yoyote. Uliza bila woga, na kwa heshima.

Omba barua ya kukupokea, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Bila barua, ukiombwa uthibitisho wa uzoefu kwenye usaili huna kitu. Uliza nani atakusimamia kwa jina, maana "utakaa na sisi wote" maana yake hakuna atakayesoma unachoandika. Uliza kuhusu nauli siku za mahakamani, angalau hizo. Uliza kama utaingia kwenye mazungumzo na mteja au utabaki kwenye mashine ya nakala. Na weka daftari lako: kila shauri ulilofuatilia, namba, mahakama, ulichoandika, kilichoamuliwa. Siri za mteja usiziandike. Daftari langu ndilo lililonipa kazi ninayofanya sasa, mwajiri alilisoma mbele yangu kwa karibu nusu saa kabla hajaniuliza swali lolote.

Kama wapo waliomaliza Law School wako Morogoro na wanasubiri kuapishwa, niandikieni ujumbe wa ndani. Ofisi yetu ina nafasi ya kijana mmoja, ya miezi sita, ina posho, na meza yake iko karibu na yangu.

---

Mwaka wa Tatu Mlimani

Dada, mimi kwetu ni Mvomero. Likizo inaanza mwezi ujao. Najua bado sijafika Law School, lakini naweza kuja kukaa tu na kusoma mafaili?

---

Binti Kilosa

Njoo. Leta barua ya chuo, na uwe umeshaisoma Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya 6 na ya 7. Tutaanza na hati ya madai.